Kiboko wa Langoni

Saa nne asubuhi, kiboko wa sponji, nembo ya michezo ya Afrika Mashariki, alikuwa akikumbatia wageni kwenye lango la uwanja mpya wa Homa Bay. Ndani yake alikuwemo Joash. Msimamizi alikuwa amemwonya kwamba akimkwepa mgeni mmoja tu, kazi imekwisha.

Kupitia tundu la mdomo akamwona mama mkwe wake anakuja, mikono wazi. Kwa Wajaluo, mkwe hamkumbatii mama mkwe hata msibani. Jasho lilimchuruzika mpaka ncha ya pua. Akarudi nyuma.

“We kiboko, unaniringia? Nimetoka Rodi Kopany!”

“Mkumbatie mama!” msimamizi akafoka.

Joash akavua kichwa cha kiboko.

Mama akageuka upesi, akautazama ukuta. “Kirudishe. Mimi sijaona mtu.”

Akakirudisha. Mama akamgeukia, akatanua mikono upya.