Penalti ya Saumu

Tangu Saumu achezeshe fainali ya mtaa na kutoa penalti dakika za mwisho, kundi la vijana wa mji kwenye simu lilijaa matusi. "Rudi jikoni, mpira si wa wanawake," waliandika, na mengine hayasemeki mbele ya mtu mzima. Saumu akazima simu, akamwambia mama yake kwamba hachezeshi tena.

Jioni moja Shomari, beki wa timu iliyofungwa, alipiga hodi. Kumwona tu, Saumu akainuka aondoke.

"Dada Saumu, ngoja kwanza. Washa simu usome mwenyewe."

Akaiwasha. Shomari alikuwa ameandika: "Yule mshambuliaji nilimkwatua mimi. Penalti ilikuwa halali. Anayetaka kumtukana refa anitukane mimi." Chini yake wachezaji wenzake walikuwa wamemuunga mkono mmoja baada ya mwingine, na aliyeanzisha matusi ameyafuta na kuomba radhi.

Saumu akashusha pumzi ndefu.

"Kesho tuna mechi," Shomari akasema, "na refa hatuna."

Saumu aliingia chumbani, na punde Shomari na mama yake Saumu wakasikia filimbi ikilia mara moja, kisha kicheko.