Wimbo Ulioitwa Mokeira

Orpah aliimba ubeti wa kwanza akiwa amemkazia macho yule mgeni, aone kama uso wake utabadilika. Haukubadilika. Mohamednoor alikuwa ameiinamia mashine yake ya kurekodi, hedifoni masikioni, akiutazama utepe ukizunguka.

Orpah akavuta pumzi, akaingia ubeti wa pili.

Muda mfupi tu uliopita alikuwa amemdanganya mchana kweupe.

"Hiyo wimbo ni ya mapenzi, bwana," alimwambia kwa Kiswahili. "Kuna msichana anaitwa Mokeira. Ameolewa Itumbe, sasa kijana analia."

"Hamna mambo ya serikali ndani?"

"Mapenzi tu."

Kampuni ya santuri iliyomtuma Mohamednoor kutoka Nairobi ilikuwa na sheria zake, naye alikuwa amezitangaza kabla hata ya kushusha mashine kwenye gari. Wimbo usiwe mrefu. Usimtukane mtu. Na mkubwa wa serikali asitajwe kabisa. Wimbo mmoja wa matata ukigunduliwa, utepe wote unafutwa, pamoja na nyimbo nyingine zote za siku hiyo.

Bendi yao iliitwa Majani Mabichi, kwa kuwa wote walikuwa wachuma chai. Walikuwa wameingoja santuri tangu mwaka wa uhuru, na sasa ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Nyimbo za mapenzi walikuwa nazo tele. Wangeweza kuziimba hizo, wakashika njia kwenda nyumbani.

Lakini kulikuwa na Chifu Ondieki.

Chifu alikuwa amepiga marufuku magitaa baada ya saa kumi na mbili jioni, eti muziki unawapoteza watoto wa watu. Siku ya arusi ya dada yake Nyasani, mpiga gitaa, saa hiyo ilifika bendi ikaendelea kupiga, maana bibi arusi alikuwa bado anacheza. Chifu akaingia na askari wake. Alilinyakua gitaa mikononi mwa Nyasani, akalipasua kwenye nguzo mbele ya wakwe. Manasseh, mpiga ngoma, aliuliza hiyo ni sheria gani. Walimfungia wiki nzima, akarudi akiwa hasikii vizuri sikio la kushoto.

Wimbo ulitungwa kabla uvimbe wa sikio hilo haujapungua. Uliyasema yote hayo kwa Kikisii, na katika ubeti wa tatu ulimtaja chifu kwa jina.

"Tukiimba huu tunaweza kupoteza zote," Nyasani alikuwa amewaonya asubuhi, akifunga nyuzi za gitaa la kuazima.

"Na tukiuacha," Orpah akamjibu, "tutakuwa tumerekodi nini?"

Kitu kimoja kiliwapa moyo. Mgeni alivaa kofia ya kufuma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Ili kumpima, Manasseh alimlaki mlangoni mwa holi ya soko la Ikonge kwa tabasamu pana, akamwambia kwa Kikisii kwamba kichwa chake kimekaa kama kibuyu cha maziwa. Mgeni akajibu, "Asante sana, ndugu. Nisaidie kubeba betri." Wenzake Manasseh walilazimika kutoka nje wakacheke.

Sasa ubeti wa tatu ukafika. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili kelele za soko zisiingie, na ndani mlikuwa na joto la kukata pumzi. Nyasani alipiga gitaa bila kuinua uso. Orpah akaimba gitaa lililopasuliwa. Akaimba sikio la Manasseh. Akalifikia jina, na ulimi wake ukawa mzito, lakini akalitamka, akamaliza wimbo.

Mohamednoor akarudisha utepe nyuma, akaanza kusikiliza peke yake. Alisikiliza kwa muda. Halafu akakunja uso, akasimamisha mashine, akarudisha tena, akasikiliza pale pale.

Mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Saa kumi na mbili hiyo!" Wote waliijua sauti. Chifu Ondieki alikuwa amekuja mwenyewe. "Zima vyombo! Fungua!"

Nyasani akaanza kuuvua mkanda wa gitaa. Mohamednoor naye akavua hedifoni, akamtazama Orpah.

"Kuna tatizo kwenye ubeti wa tatu," akasema.

Orpah alifikiria nyimbo zao zote zilizokuwa ndani ya ule utepe, na miaka waliyongoja. Halafu akalitazama sikio la Manasseh, na hofu ikamtoka.

"Nilijua ninaimba nini," akasema. "Ukitaka kufuta, futa. Ukitaka kumfungulia, mfungulie. Kesho tutaimba hapo sokoni bila mashine yako, na keshokutwa tutaimba tena."

Manasseh akaja akasimama kando yake. Nyasani akaurudisha mkanda begani.

Mohamednoor alikwenda mlangoni polepole, huku fimbo ikizidi kugonga, akashika komeo. Akalikaza mpaka mwisho.

"Samahani sana, Chifu," akasema kwa sauti kubwa, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Mashine imenigomea. Nivumilie kidogo."

Akarudi, akakisogeza kipaza sauti mpaka kikakaribia kugusa midomo ya Orpah, akainama sikioni mwake. Aliyoyasema aliyasema kwa Kikisii, Kikisii cha mtu aliyenyonya nacho.

"Jina lake umelimeza, dada. Rudia, litoke lote."