Mkia wa Herufi Tano

Kila picha ya Jin-hui ilikuwa imeota mkia. Mwishoni mwa jina la kila faili zilining'inia herufi tano zisizosomeka, wlfxn, na ukilibofya faili halifunguki. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na tangazo jekundu la Kiingereza kibovu: mafaili yako yamefungwa, leta neno la siri.

Byeong-u alikuwa ameyaona matangazo ya aina hiyo mpaka yakamchosha. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kufukuza virusi vya kudai fidia, na jengo zima la maduka ya kompyuta pale Daegu, Korea, lilimtambua kwa hilo. Kilichomchoma si kirusi. Kilichomchoma ni kwamba mkewe Jin-hui, aliyeolewa na fundi na kulala naye kitanda kimoja, alikuwa ameipeleka kompyuta yake kwa Mun-gi.

Mun-gi alikuwa fundi wa duka la jirani, kijana mwenye vishimo mashavuni, hajaoa. Ndiye aliyemletea kompyuta hiyo Jumamosi asubuhi, mbele ya wateja.

"Mama Dami aliniletea juzi. Hakukwambia, kaka?" alisema. "Imenishinda. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi."

Watu walicheka, na Byeong-u akacheka nao kwa shingo upande. Hata mandu za moto, yale maandazi ya nyama aliyopandishiwa kila mchana na Ae-ran, mwanamke mwenye mgahawa wa ghorofa ya chini, siku hiyo alizisahau mezani zikapoa. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata binti yake Dami alipougua, akaibeba kompyuta hadi nyumbani.

Alimkuta Jin-hui sakafuni anamenya vitunguu saumu vya achari ya kimchi. Mle ndani ya kompyuta mlikuwa na michoro yake yote ya miaka mitatu, hadithi ya katuni aliyotakiwa kuikabidhi kwa wachapishaji Jumatatu. Bila michoro hiyo, mkataba umekufa. Lakini mwanamke hakuwa analia. Alimenya vitunguu vyake polepole, na utulivu huo ukamwongezea mumewe moto.

Alimuuliza kwa nini Mun-gi. Kwani yeye amekufa?

"Wewe huonekani," alisema Jin-hui.

"Mbona narudi kila siku?"

"Unarudi umeshiba."

Byeong-u hakulitilia maanani jibu hilo. Alikuwa anawaza vishimo. Shujaa wa katuni ya mkewe naye alikuwa na vishimo mashavuni, alikuwa ameviona kwa macho yake mwenyewe, na usiku mmoja alimsikia Jin-hui akimchekea yule mwanamume wa kuchorwa. Mwenye wivu ajinyonge, wasema watu, lakini huyu alikuwa na kazi ya kumaliza kwanza.

Akachomoa waya wa intaneti. Akanakili diski nzima, ili akiharibu apate pa kurudi. Kisha akakisaka kirusi na kukifuta mpaka mzizi, na lile tangazo jekundu likatoweka. Hata hivyo kumfukuza mwizi si kurudisha mali. Mafaili yalibaki yamefungwa, na mikia yao iko pale pale.

Kirusi chenyewe kilikuwa cha kizamani, cha aina ile aliyokuwa nayo kwenye diski yake ya mazoezi, ndani ya droo ya chumbani. Aina hiyo hufunga kwa neno lolote analolichagua aliyeituma. Tena mwizi alikuwa amedai neno la siri bila kusema pesa zilipwe wapi.

"Mwizi mjinga huyu," alinung'unika.

"Labda hataki pesa," alisema Jin-hui.

Byeong-u aliinamia kibodi, na hapo ndipo alipouona ule mkia kwa jicho jingine. Kila kitufe kina herufi mbili, ya Kilatini na ya Kikorea. Ukisahau kubadili lugha, unaandika neno la kwenu na linatoka vurugu tupu. Nusu ya nchi hutunga maneno ya siri kwa njia hiyo. Alibadili lugha, akabonyeza vile vitufe vitano.

Neno la Kikorea likajiunga kwenye kioo: wivu.

Damu ilimpanda. Kumbe mwizi hakuwa Mrusi wala Mmarekani. Alikuwa mtu wa hapa hapa, wa karibu, tena anaona wivu.

"Ni Mun-gi," alisema. "Anakutaka. Kakufungia michoro ili umpelekee yeye akufungulie."

"Mbona aliirudisha kwako ikiwa bado imefungwa," alisema Jin-hui. "Lakini jaribu. Andika jina lake."

Byeong-u aliwasha programu yake ya kufungulia mafaili, akaanza na jina la mkewe, likakataliwa. Akaandika la Dami, binti yao, nalo likakataliwa. Ndipo akaandika Mun-gi, jasho likimtoka vidoleni, akiomba lifungue ili apate haki yake, na akiomba lisifungue ili abaki na mke wake.

Likakataliwa.

Alishusha pumzi. Aliona aibu, na juu ya aibu akamwonea mkewe huruma na mapenzi ambayo hakuwa ameyahisi siku nyingi. Alitaka kumwomba radhi, ila hakujua aanzie wapi.

Jin-hui alijifuta mikono, akaja kusimama nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, ananukia vitunguu saumu.

"Umeyamaliza majina yangu, Baba Dami," alisema. "Sasa jaribu moja la kwako."

Byeong-u aliivuta kibodi karibu. Kisha akaandika jina la yule wa mgahawani, Ae-ran, na picha za miaka mitatu zikaanza kudondosha mikia yao, moja baada ya nyingine.