Mkanda wa Kifuani

Programu ya simu ilikataa kumpangia seremala ratiba ya mazoezi ya baiskeli kabla ya kupima moyo wake. Alikwisha kuvaa mkanda wa kupimia mapigo, lakini akasita na kuuvua. Juzi mlimani moyo ulimruka kama panzi, na hakutaka kupewa ratiba ya wazee.

"Mama watoto, nivalie huu mkanda kidogo. Wewe hata mafua hayakujui."

Mkewe akaubana kifuani, akasisimka. Ulikuwa bado umelowa jasho la mumewe. "Njia ya mwongo fupi, baba watoto!"

Wakasubiri. Kioo cha simu kikawa chekundu: *Usichague ratiba yoyote. Muone daktari leo.*

Seremala akaisogeza simu karibu, akasoma tena.

"Vipi," mkewe akauliza huku akicheka, "nimekufaulisha mtihani?"