Upana wa Kidole Kimoja

Kenchi ya kwanza ya paa ilipopandishwa kwa kamba, moyo wa Itto ulipanda nayo. Alikuwa na miezi minne tu ya kujifunza useremala hapo Azrou, na mbao za mwerezi hazikuwa na akiba. Fundi alikuwa amempa kipimo cha kukatia. Yeye akazidisha upana wa kidole kimoja, kimyakimya.

Kenchi ikatua. Ncha zote mbili zikakaa juu ya ukuta, ndi!

Kutoka kwenye ngazi, fundi akapitisha ukucha kwenye kiungo. Haukupenya.

“We binti, nani alikwambia uzidishe?”

“Ukuta umepinda, fundi,” Itto alijibu kutoka juu ya jukwaa. “Niliupima upya asubuhi.”

“Na hukuniambia?”

“Ungekataa.”

Fundi akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

“Haya, shuka! Zilizobaki ukazipime mwenyewe.”

Itto alikuwa ameshafika chini, msumeno mkononi.