Nyigu wa Saa Nane

Mkia wa ndege ya adui aliyejiita Nyigu ulikuwa umejaa kwenye shabaha ya Verlin Stucky, kidole kiko juu ya kitufe, ndipo kioo cha kompyuta kikaganda.

"Tena!" alifoka, akaibamiza fimbo ya kuongozea ndege mezani.

Simu ikalia. Alijua ni nani. Mwaka ule wa 1989, pale Dayton, michezo ya vita vya ndege kwenye kompyuta ilipita kwenye waya wa simu. Mtu akikupigia tu, laini inakatika, ndege yako inabaki haina rubani, inakwenda kulima mahindi ya watu.

"Umekula, mwanangu?" Alikuwa mama yake, Bi Arvilla, mjane wa kule Toledo. Nyuma yake kitu kilinguruma kama mashine ya kufulia.

"Mama, si nilikuomba Jumamosi saa nane usinipigie?"

"Basi usinune. Nimeoka pai, nikakukumbuka."

Verlin alikuwa kamanda wa kikosi chao cha wachezaji tangu kianze. Lakini huyu Nyigu, ambaye hakuna aliyejua sura yake wala kwake, alikuwa akimponyoka kila wiki, na wenzao walikuwa wamechoka kuwasikiliza wakitambiana. Wakaamua: Jumamosi ijayo wapambane wawili tu. Atakayebaki angani ndiye kamanda.

Siku ilipofika, Verlin alimpigia mama yake mapema. Laini ya kwanza ilikuwa inatumika. Akapiga ile ya pili, ambayo mama alisema ameiweka kwa ajili ya kwaya.

"Mama, leo usinipigie. Nakupigia magoti."

"Kwani leo kuna nini?"

"Kuna mtu namsaka."

"Haya. Mungu akujalie."

Saa nane akaruka. Ndege ilikuwa nzito, utadhani imebeba ng'ombe. Maneno ya Nyigu yakatokea kiooni: "Mbona unajikokota, kamanda? Au umenuna?"

"Nitakuonyesha, mshenzi wewe," Verlin alinong'ona, meno yamekazana. Akapanda juu ya wingu, akashuka kwa kasi, akautia ule mkia kwenye shabaha. Safari hii hachomoki!

Kioo kikaganda. Simu ikalia.

"Mama!" alilia Verlin. "Unajua umenifanya nini? Ukamanda umekwenda!"

"Pole, mwanangu," alisema Bi Arvilla kwa upole. "Ila siku nyingine ukinifukuza angani, pandisha magurudumu kwanza."