Bluu ya Shemeji

Rula aliegemea dirisha akijifanya anatazama mvua, kumbe macho yote yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta ya shemeji yake. Pale rangi ilianza bluu nzito juu, ikashuka ikififia taratibu mpaka ikawa nyeupe kabisa chini, bila alama hata moja. Roho ilimuuma.

Wote wawili walikuwa wasanifu wa mabango katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne pale, na jina la Rula alipewa kwa sababu hupima kila kitu mara tatu. Shemeji, mdogo wa mke wake, alikuwa na miezi minane tu. Tena Rula mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha hata kushika kipanya. Sasa bosi alitaka mkuu wa chumba chao, na mtihani ulikuwa mmoja: kila mtu atengeneze rangi ya nyuma ya bango la maji ya chupa, bluu ififie toka juu hadi chini mpaka iwe nyeupe, bila mkanda hata mmoja kuonekana. Saa nane mchana zote mbili zingechapwa.

Rula alirudi kwenye meza yake na kompyuta yake kuukuu. Kazi hii ilikuwa imemla siku tatu. Alikuwa amehesabu kila hatua ya rangi kwa penseli, asilimia kwa asilimia, kisha akanyunyizia juu yake chembe ndogondogo za kijivu ili hatua zisionekane. Bado kioo kilimwonyesha mikanda, mmoja chini ya mwingine, kama ngazi za nyumba. Shemeji yeye alivuta kipanya mara moja toka juu hadi chini, akaenda kunywa chai.

"Kioo chako kinakuonea, shemeji," alimwambia asubuhi ile, akicheka. "Changu kinanidekeza. Kama kinajua mimi ni kitinda mimba."

Rula alicheka kwa meno tu. Nyumbani nako ilikuwa wimbo uleule. "Mdogo wangu ana mkono, sijui kautoa wapi," mke wake husema kila akipakua chakula, na hata siku moja hakukumbuka nani aliufundisha mkono huo.

Saa sita na nusu alimkuta shemeji kwenye printa ndogo ya majaribio, kashika karatasi. Alipomwona Rula aliikunja mara nne, akaisukumia ndani ya mkoba.

"Vipi, kuna siri?"

"Hamna, shemeji. Karatasi tu."

Hakumtazama usoni. Wenzao walipotoka kwenda kula, alisema hana njaa, anakwenda kupunga upepo barazani. Ameshajiona mkuu, Rula aliwaza, hata ujuzi ananificha.

Chumba kilibaki kitupu. Katika kompyuta ya bosi faili mbili zilikuwa zinasubiri kuchapwa, kila moja na jina la mwenyewe. Rula hakuwahi kuiba hata kifutio katika maisha yake. Alikaa, akabadilisha majina, yake ikawa ya shemeji na ya shemeji ikawa yake. Hazikupita dakika mbili.

Saa nane bosi alibandika karatasi mbili kubwa ukutani, majina ya faili yakiwa yamechapwa pembeni chini.

"Mimi vioo siviamini," alisema, kama anavyosema siku zote. "Naamini karatasi."

Akarudi nyuma hatua tano, na wote wakarudi naye.

Karatasi yenye jina la Rula ilikuwa na mikanda saba. Ungeweza kuihesabu ukiwa mlangoni. Yenye jina la shemeji ilikuwa laini toka juu hadi chini, bluu ikiisha bila mtu kujua imeishia wapi.

"Rula," bosi alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko kufokewa. "Miaka yote hii?" Kisha akamgeukia shemeji, akampa mkono. "Hongera, mkuu wa chumba."

Shemeji hakutabasamu. Alisogea kwenye karatasi yenye jina lake mpaka pua ikakaribia kugusa, akazitazama kwa muda mrefu zile chembe ndogondogo za kijivu. Halafu akaja mpaka alipokuwa Rula, macho yamejaa machozi, akasema kwa sauti ya chini, wasikie wawili tu.

"Yangu niliichapa mchana kuijaribu, nikaiona mikanda, nikajua nimekwisha. Wewe ulijuaje, shemeji, hata ukanipa yako? Dada atalia nikimweleza ulichonifanyia."